Hotpoti ya Dorotea

Katika nyumba zile za Igogo zilizojibana kati ya mawe, Dorotea ndiye alikuwa wa kwanza kumiliki hotpoti. Aliinunua kwenye duka la vyombo pale Makoroboi, katika miaka ile ambayo maduka ya Mwanza yalianza kujaa vitu ambavyo zamani mtu alivisikia tu kwa waliofika Nairobi. Ilikuwa nyekundu, ina maua meupe ubavuni, na mfuniko wake ulifungwa kwa kuzungushwa. Alipanda nayo kilimani akiwa ameikumbatia kama mtoto anayetoka kliniki, na kabla hajaiweka mezani majirani walikuwa wameshaingia kuiona.

"Yaani unaweka ugali jioni, mtu anarudi saa nne unamuunguza mkono?" aliuliza Achola, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya maji.

"Ndivyo alivyosema muuzaji."

"Basi mama Obedi umepona. Sasa hata mumeo akichelewa wiki nzima, atakuta chakula kinamsubiri."

Walicheka. Dorotea alicheka kuliko wote. Siku ile aliamini kwamba ameleta nyumbani kitu kitakachomrudishia watu wake.

Zamani hapakuwa na haja ya kumngojea mtu na chakula. Masele, mumewe, alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo, na kiwanda kilikuwa na king'ora. Kilipolia jioni, mtaa mzima ulijua zamu imetoka. Wanawake hawakutazama saa. Walisikia king'ora wakabandika maji. Maji yalipoanza kuchemka, wanaume walikuwa wanapita kwenye lile jiwe kubwa la kona. Masele alikuwa akiingia na nyuzi za pamba zimemganda kwenye nywele, utadhani amezeeka njiani, na ugali ulikuwa ndiyo kwanza unapakuliwa. Walikula wakati moshi bado unapanda kutoka kwenye sinia.

Na walikula pamoja, sinia moja. Jambo hilo Dorotea hakuwa amezaliwa nalo. Kwao Bujora wanaume walikula shikome, pale kwenye moto wa uani, wakaketi wakiuzunguka pamoja na wavulana wao na mgeni yeyote aliyepita. Mama yake alikuwa akipeleka chakula hadi pale, anakunja goti, anaweka chini, anarudi kinyumenyume kidogo, kisha anageuka kwenda jikoni kula na binti zake. Dorotea alijifunza kukunja goti lile kabla hajajifunza kusoma. Hakuona ubaya. Ndivyo jioni ilivyokuwa: sauti za wanaume kule, sauti za wanawake huku, na katikati mama anatembea gizani na sahani.

Alipoolewa na kuletwa mjini, walipanga chumba kimoja. Jioni ya kwanza alimwekea Masele chakula kwenye kigoda, akakunja goti, akachukua kisahani chake na kuuelekea mlango.

"Unakwenda wapi?" Masele aliuliza.

"Jikoni."

"Jikoni wapi? Jiko lenyewe liko nje, mvua inanyesha. Kaa hapa, Dorotea."

Alikaa. Alikaa upande, uso ameugeuzia ukuta, akamega vijitonge vidogo kama mgeni aliyekaribishwa kwa lazima. Ilimchukua muda mrefu kugeuka akamtazama mumewe akila. Lakini alipozoea, alizoea kabisa. Obedi alizaliwa, akajifunza kubonyeza tonge kwa kuutazama mkono wa baba yake. Rose akazaliwa, akapata nafasi yake kati ya magoti ya mama. Kuna wakati Dorotea alikuwa akinyamaza katikati ya kula, akitazama mikono ile minne ikikutana kwenye sinia, mikubwa na midogo, na alijisikia kushiba hata kabla hajashiba.

Kisha ukaja wakati wa kupunguzwa. Kiwanda kikapunguza watu, kikapunguza tena, na Masele akawa miongoni mwa waliopunguzwa. King'ora kiliendelea kulia kwa muda, kikiwatoa wachache waliobaki. Halafu jioni moja hakikulia. Wanawake wa Igogo walikaa barazani wakichambua mboga, wakisubiri. Giza liliingia bado wanasubiri, mpaka mmoja akasema, "Jamani, hivi leo hatupiki?"

Tangu hapo kila nyumba ikawa na saa yake, na mwisho kila mtu akawa na saa yake. Masele alianza kuuza mitumba kwenye minada, leo Magu, kesho Kisesa, akirudi kwa lori lolote litakalompa nafasi. Dorotea akapata kazi kwenye kiwanda cha samaki. Alivaa koti jeupe na mabuti, akasimama kwenye baridi akisafisha minofu ya sangara itakayopanda ndege kwenda Ulaya. Mifupa na vichwa vilivyobaki, yale mapanki, yaliuzwa nje ya geti. Zamu zilibadilika kama upepo. Obedi alipomaliza shule alishuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, kubeba barafu, na Rose, mwenye miaka kumi, alikula pale alipokuta watu wanakula, mara nyingi kwa Princess, binti wa Achola.

Ndipo Dorotea alipoinunua hotpoti. Kabla yake, ugali ulikuwa na amri yake. Ulipoiva ulitaka watu. Ukichelewa unakuta jiwe. Kwa hiyo hata katika hali ile ngumu walikuwa bado wanajitahidi. Masele alikuwa akiwaambia wa mnadani, "Nawahi ugali," na Obedi alikuwa akipanda mlima mbio. Hotpoti iliiondoa amri ile. Ugali sasa ulimsubiri kila mtu kwa upole, ukiwa wa moto, na kila mtu akajua unasubiri, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwahi. Masele alikaa kumalizia mteja wa mwisho, kisha wa mwisho kabisa. Obedi alikaa mwaloni kupiga soga. Kila mmoja alirudi kwa wakati wake, akazungusha mfuniko, akamega peke yake, akafunika. Dorotea akiwa kitandani alijua ni nani kwa namna mfuniko ulivyozungushwa: Masele polepole, Obedi kwa haraka, kama anafungua dumu la petroli. Chakula kilikuwa cha moto. Nyumba ndiyo ilikuwa imepoa, na ilimchukua zaidi ya mwaka kutambua kwamba aliipoza mwenyewe, kwa mshahara wake, tena akiwa anacheka.

Alitambua siku Obedi alipoleta habari. Mzee Otuoma, mwenye mtumbwi wa kukusanya samaki, alikuwa amemchukua. Wangepeleka barafu visiwani na kuweka kambi huko, pengine hadi Krismasi, pengine kupita Krismasi. Wangeondoka Jumamosi, usiku ukishatulia.

"Vizuri, mwanangu," Dorotea alisema. Kisha akajaribu kukumbuka lini mara ya mwisho wote wanne walikula pamoja. Alirudi nyuma mwezi kwa mwezi. Aliiona mikono ya Rose ikiwa bado midogo sana. Aliacha kutafuta.

Kesho yake kazini, wakiwa wanavua mabuti, alimwambia Achola, "Nichukulie zamu yangu ya Jumamosi mchana. Nitakulipa ya kwako Jumapili."

"Una mgeni?"

"Sina mgeni. Nataka kupika."

Achola alimtazama. "Unapika kila siku, wewe."

"Nataka kupika watu wakiwepo."

"Ehee! Wewe mama unataka makubwa. Watu wakiwepo!" Lakini alipoona Dorotea hacheki, naye aliacha kucheka. "Haya, nitasimama. Mgongo ni wangu, lakini nitasimama."

"Na kuna jambo jingine. Nikuachie hotpoti yangu."

"Niiuze?"

"Uifiche tu. Nisiione, na wao wasiione."

"Wenzako wanaomba Mungu awape, wewe unaificha!" Achola alisema. Hata hivyo Ijumaa jioni aliipokea juu ya ukuta, akaifunika kwa khanga, akaisukuma chini ya kitanda chake.

Jumamosi asubuhi Masele alikuwa akifunga robota lake la nguo kwa kamba. Ilikuwa siku ya gulio la Magu.

"Baba Obedi, leo tunakula jua likizama."

"Niwekee, mama Obedi. Nitakuta."

"Hutakuta. Hotpoti haipo."

Masele aliinua uso. "Iko wapi?"

"Nimeazimisha."

"Umeazimisha hotpoti? Siku ya gulio?"

"Mtoto anaondoka leo. Ugali utaiva jua likizama. Ukichelewa, utakula na paka."

"Sisi hatuna paka."

"Basi utakula peke yako, kama ulivyozoea." Alisema kwa sauti ya utani, lakini haikutoka kama utani. Masele alikaza fundo, akabeba robota, akasimama mlangoni kidogo kama mtu aliyesahau kitu. Kisha akaenda.

Dorotea alianza mapema. Mama yake alikuwa amemletea kutoka Bujora fungu la nsansa, majani ya kunde yaliyochemshwa na kukaushwa juani, yakinuka vumbi na kiangazi. Aliyaloweka. Aliteremka mwaloni mwenyewe akachagua sato wawili wabichi, macho bado yanang'aa. Sangara hakumtaka, sangara alikuwa kazi. Unga wa mtama aliuchekecha pamoja na wa udaga, ile mihogo iliyovundikwa na kukaushwa, kama alivyochekecha mama yake. Rose alitwanga karanga barazani, zaidi akila kuliko kutwanga.

"Mama, kwani leo ni sikukuu?"

"Hapana."

"Sasa mbona unapika kama sikukuu?"

"Tunakula wote."

Rose alifikiri. "Wote na baba?"

"Wote na baba."

"Na kaka?"

"Twanga, Rose."

"Sasa mimi nitakaa wapi?" mtoto aliuliza, na Dorotea akageukia moto haraka, maana hakuwa amejua kwamba mwanawe hakumbuki mahali pake.

Jua lilikuwa bado juu ya yale mawe ya ng'ambo, sufuria ya nsansa inatokota na karanga, sato wameshakolea mchuzi, maji ya ugali ndiyo yanaanza kuimba, Obedi alipoingia akihema. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi magotini.

"Mama, tunaondoka sasa hivi."

"Mlisema usiku."

"Magugu, mama. Upepo umegeuka, yanakuja yote. Mzee Otuoma anasema tukisubiri kidogo yatafunga mwalo, hatutoki hadi wiki ijayo, na barafu yote itakuwa maji."

Dorotea alitoka hadi kwenye jiwe la uani akatazama chini. Kweli. Magugumaji yalikuwa yanasogea kwa pamoja kuingia ghubani, kijani pana kama shamba lililong'oka na kuanza kutembea. Alikuwa ameyaona yakifunga mwalo mara nyingi. Yakishafunga, hata mtumbwi mtupu haupiti.

"Maji yanachemka," alisema. "Kaa dakika chache."

"Siwezi, mama. Wananisubiri mimi." Obedi aliangalia sufuria, akameza mate. Kisha akasema kwa uchangamfu, kama mtu aliyepata jibu, "Niwekee kwenye hotpoti! Nitakula njiani kikiwa cha moto."

Dorotea aligeuka akautazama ukuta wa Achola. Jiko lilipasua cheche. Hotpoti ilikuwa chini ya kitanda cha Achola, Achola alikuwa kiwandani amesimama kwenye zamu ya Dorotea, na mlango wake ulikuwa na kufuli. Alikuwa ameificha ili mtoto asikose kukaa naye, na sasa mtoto angeondoka bila kukaa na bila chakula.

"Nenda," alisema mwisho. "Nenda uwaambie nakuja."

"Mama, usihangaike..."

"Nenda, Obedi!"

Kijana alikimbia. Dorotea alimwaga unga kwenye maji, akashika mwiko. Alisonga ugali ule kama anayegombana nao, sufuria ameibana kwa vijiti chini ya miguu, jasho likimdondoka puani. Alipomaliza aliupindua kwenye sinia kubwa, sinia la zamani lililokuwa limekaa nyuma ya kabati muda wote wa hotpoti. Aliweka mabakuli ya nsansa na sato juu yake, akafunika kwa kitambaa, akajitwika.

"Wewe kaa hapahapa mlangoni," alimwambia Rose. "Baba akija, mwambie tuko mwaloni. Mshike mkono, msikae."

"Asipokuja?"

"Akija."

Njia ya kushuka ilikuwa ya mawe na maji machafu, na aliipita bila kuitazama, shingo imenyooka, joto la ugali likimwingia utosini. Mwaloni mtumbwi ulikuwa umeshasukumwa nusu majini, barafu imefunikwa kwa magunia. Vijana watatu wa Otuoma walikuwa wakifunga kamba. Otuoma mwenyewe, mzee wa Shirati mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto, alisimama akiyatazama magugu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Obedi. Umekuja kutuaga?"

"Nimekuja kuwalisha."

Otuoma alitazama magugu, akatazama sinia, akanusa. "Hiyo ni nini?"

"Nsansa ya karanga. Na sato."

"Kaeni," mzee aliwaambia vijana wake. "Kaeni haraka. Magugu hayajafika kwenye lile jiwe. Yakifika kwenye jiwe, tunaondoka hata kama mtu ana tonge mdomoni."

Walinawa wakaketi mchangani, wakiwa duara. Obedi alikuwa katikati yao, mabega yake yamekwisha kuwa mapana kama yao. Dorotea alikunja goti, akaweka sinia katikati, akarudi nyuma kidogo. Wakaanza kula na kusifia. Mmoja alisema, "Obedi, wewe ulikuwa unakula hivi nyumbani halafu unakuja kututafunia mihogo yetu?" Wote wakacheka, na Obedi akacheka, akimtafuta mama yake kwa macho.

Yeye alikuwa amesimama pembeni, mikono ameifumbata kwenye khanga. Hapo ndipo alipojiona. Alikuwa amesimama pale aliposimama mama yake: hatua chache nje ya duara, akisikiliza sauti za wanaume wakila kazi ya mikono yake. Tofauti ni kwamba mama yake alikuwa na jiko la kurudi, lenye binti zake. Mama hakuwahi kuonja kile ambacho yeye alikuwa amekionja, kwa hiyo hakukitamani. Dorotea alitamani kuketi. Lakini wale walikuwa wanaume wa watu, na magugu yalikuwa yanakuja.

"Mama! Mama, huyu hapa!"

Rose alikuwa anateremka mbio akimvuta Masele kwa mkono, robota likimyumbisha mgongoni, viatu vyeupe kwa vumbi la Magu. Jua lilikuwa ndiyo kwanza linagusa mawe ya ng'ambo.

"Nimewahi," Masele alisema, akihema. "Nimeacha wateja wamesimama. Nafika nyumbani, hakuna ugali, hakuna mke. Kuna huyu askari tu mlangoni."

"Karibu, mzee mwenzangu," Otuoma alisema. "Nawa. Usiongee sana, utaongea wiki ijayo."

Masele alitua robota, akanawa, wakampisha kando ya Obedi. Alimega tonge, akalibonyeza, akalichovya. Kisha mkono wake ukasimama. Aligeuka akamtazama mkewe aliyesimama kule, na uso wake ulibadilika, kama mtu aliyeingia chumba cha zamani.

"Unakwenda wapi?" aliuliza.

Dorotea hakuwa anakwenda popote. "Nipo tu."

"Kaa hapa, Dorotea."

Ilikuwa miaka mingi hajamwita hivyo. Kijana mmoja wa mtumbwini, Msukuma wa upande wa Magu, alitabasamu akasema, "Baba, na huku kwenu mjini wanawake wanakaa shikome?"

"Shikome liko wapi?" Masele alimjibu. "Hapa ni ziwani. Sogea."

Wakasogea. Dorotea aliketi mchangani kati ya mumewe na mwanawe, na Rose, bila kuonyeshwa, akajipenyeza kati ya magoti yake. Alimega. Ugali ulikuwa umeanza kupoa juu, lakini ndani ulikuwa bado na moto. Mikono ilikuwa mingi kwenye sinia, migeni na yao, lakini aliitambua minne ile kama mtu anavyotambua ng'ombe wake ndani ya kundi. Mkono wa Rose ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani. Wa Masele ulikuwa na alama za kamba. Wa Obedi ulikata kipande cha tumbo la sato, penye nyama nono isiyo na miba, ukakiweka upande wake yeye.

Hakuna aliyesema jambo la maana. Masele alisimulia mnunuzi aliyejaribu koti la kike na kukataa kulivua. Alikuwa bado hajafika mwisho wa hadithi Otuoma aliposimama.

"Jiwe," alisema.

Magugu yalikuwa yamefika kwenye jiwe. Obedi aliinuka na tonge mkononi, akanawa ziwani huku anatembea, akasukuma mtumbwi na wenzake, akarukia ndani. "Mama, wabeja!" alipaza sauti, asante ya kwao, ambayo alikuwa haisemi tena tangu aanze kusoma. Injini ikakohoa, ikashika. Mtumbwi ukapita kwenye upenyo uliobaki, na nyuma yake kijani kikajifunga taratibu, hadi pakawa kama hapajawahi kupita mtu.

Waliosalia walimalizia ugali wakiwa watatu, wakitazama maji. Kisha Dorotea akajitwika sinia tupu, jepesi hata akahisi kichwa kinamwinuka, wakaanza kupanda. Rose alitangulia. Kwenye mawe ya katikati Masele alisimama kupumzisha robota.

"Kesho unapika saa ngapi?" aliuliza.

Dorotea alisimama. Tangu king'ora kinyamaze, hakuna mtu nyumbani kwake aliyewahi kumuuliza hivyo. Alitamani kumjibu palepale.

"Kesho namlipa Achola zamu yake," alisema. "Sitakuwepo."

"Keshokutwa?"

Alifikiri zamu ya keshokutwa. "Keshokutwa nitakuwepo. Nitabandika maji jua likigusa yale mawe."

Masele aligeuka akayatazama mawe ya ng'ambo, yaliyoanza kuwa meusi, kama anayeyakariri. "Nitawahi," alisema.

Jumapili Achola alimletea hotpoti ukutani, ameipangusa vumbi. Dorotea alimshukuru, akaipokea, akatia ndani yake unga wa mtama uliobaki, akazungusha mfuniko. Jumatatu jua lilipogusa mawe alibandika maji, na mkono wake ukachota unga wa watu wanne. Alikumbuka akiwa ameshaumimina. Hakuupunguza. Aliusonga wote, akauweka kwenye sinia, akasikia viatu vya Masele vikipita kwenye lile jiwe kubwa la kona.